Nimwige nani, na nichukue nini kwake? Jibu kwa fundi seremala wa Makorora

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Tanga, naishi Makorora, nina miaka 29, nina mke na mtoto wa kiume wa miaka mitano. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikifuata video za watu wa motivesheni kwenye simu, hasa tajiri mmoja wa nje. Nikimsikiliza Jumatatu najiona naweza kuihamisha milima ya Usambara. Jumatano nimerudi palepale. Nilijaribu kuamka saa kumi usiku kama yeye, nikaishia kujikata kidole kwenye msumeno kwa usingizi. Mke wangu anasema namwiga mtu asiyejua hata kama nipo duniani.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Mzee aliyenifundisha kazi ndiye aliyekuwa kioo changu. Kila siku alinoa patasi kabla ya kugusa ubao. Mteja akicheleweshewa, alimrudishia advansi yake yote na kazi akaimaliza vilevile. Alituita "bwana fundi" tangu siku ya kwanza, tukiwa bado hatujui hata kushika randa. Miezi minne iliyopita alikuja karakanani kijana wa miaka kumi na sita, akasema ni mwanawe na anaomba nauli na daftari. Mzee akasema mbele ya wateja, "Huyu simjui." Mwalimu, yule kijana ana mikono ya mzee, hadi lile dole gumba pana. Tangu siku hiyo sijaweza kwenda kumsalimia. Je, nimtupe? Na kama yeye ameanguka, nimwige nani? Mwanangu naye ameanza kuniiga mimi, anachukua penseli yangu anaibana sikioni. Naogopa.

Jibu

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikuwa kurasa mbili, hapo juu nimeifupisha, lakini ile ndefu niliisoma na kalamu mkononi na nikahesabu. Tajiri uliyemsikiliza miaka mitatu amepata mistari sita. Mzee amepata ukurasa na nusu, na humo umeandika jiwe lake la kunolea lilivyokuwa na bonde katikati, mafuta aliyolipaka, na namna alivyojaribu makali ya patasi kwa kunyoa nywele za mkono wake. Katika mistari sita ya tajiri hakuna kitu hata kimoja kinachoshikika. Hujui hata anakula nini asubuhi, isipokuwa alichoamua kukuonyesha.

Nianze na huyo wa simu, maana yeye ni mwepesi, kisha tumweke kando.

Mwaka 1956, televisheni ilipokuwa bado ngeni majumbani, watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya jambo walilokuwa wakiliona kwa watazamaji. Mtangazaji anamtazama mtu machoni kupitia kioo, anamwambia "karibu tena rafiki yangu", na mtazamaji anaanza kumhisi kama jirani. Anajua vichekesho vyake, anasikitika akiugua. Upande wa pili hakuna mtu. Ni urafiki wa upande mmoja. Mkeo amelisema hilohilo kwa maneno machache kuliko wao, na nadhani unamdai samahani.

Urafiki wa namna hiyo si dhambi. Mimi mwenyewe nilikuwa na msomaji wa taarifa ya habari redioni ambaye sauti yake ilinifundisha kutulia mbele ya darasa. Tatizo lako ni kwamba umetaka kujifunza kazi kutoka kwa mtu usiyeona mikono yake.

Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Stanford hadi akafariki mwaka 2021, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa kutazamana. Alisema ili tendo la mtu mwingine liwe lako, mambo manne yapite. Ulitazame kwa makini. Likukae akilini. Mwili wako uweze kulifanya, ukijaribu na kukosea na kusahihisha. Na uwe na sababu ya kulifanya. Lipime hilo kwa useremala: mzee alikupa yote manne, tena lile la tatu alikupa kwa miaka, kwa kusimama nyuma yako na kukugonga kiwiko pale randa ilipokuwa inakwenda kinyume cha nyuzi za mbao. Video inakupa la kwanza na la nne. Inakufanya utazame na inakufanya utake. Katikati hapo patupu. Ndiyo maana Jumatatu unawaka na Jumatano umezima. Umepewa moto bila kuni.

Halafu hili la saa kumi usiku. Yule bwana anaamka saa kumi kwa sababu saa tatu ameshalala, na aliyemfulia, aliyempikia na aliyewapeleka wanawe shule ni watu ambao kamera haiwafikii. Wewe unafunga karakana saa nne, maana watu wa Tanga huja kuulizia kabati baada ya isha, tena hawaulizi wakaondoka, wanakaa kwanza. Ukilala saa sita ukaamka saa kumi, umelala kwa muda wa saa nne tu, halafu unakwenda kushika msumeno wa umeme. Kuna msemo wetu wa tembo na msamba ambao mama mwenye heshima zake haumalizii, lakini wewe fundi unaujua. Lala hadi alfajiri.

Hata hivyo sitaki ufikiri kwamba mtu wa mbali hafai kabisa. Mwaka 1997 Penelope Lockwood na Ziva Kunda walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Waliwapa habari, kama ya gazeti, ya mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyeng'ara kwa kila kitu. Wale wa mwaka wa kwanza waliposoma walijiona bora zaidi kuliko walivyokuwa wakijiona. Walisema, kwa namna yao, na mimi nitafika. Wa mwaka wa nne, ambao muda wao ulikuwa umekwisha, habari ileile haikuwapa kitu. Nyota ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kama msomaji aliona njia kati yake na ile nyota.

Basi jiulize kati yako na tajiri wako kuna njia gani. Kiswahili husema kufuata nyayo. Nyayo zinataka ardhi: mtu awe amepita mahali ambapo na wewe unaweza kupita, na ukiinama uone kisigino kilikaa wapi. Aliyepita kwa ndege hakuacha nyayo, hata kama alikupungia mkono.

Sasa tufike kwenye kilichokuleta.

Kabla ya kumgusa mzee wako, nikueleze habari ya bibi yangu mzaa mama, maana bila yeye nitakujibu kwa vitabu tu. Alikuwa akiuza vitumbua barazani, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Mlango wa uani ukiufungua, nyuma yake palikuwa na ukuta wa chokaa, na ukuta ule ndio uliokuwa daftari lake la madeni. Kila mdaiwa alikuwa na picha yake. Baiskeli ni yule aliyebeba abiria, samaki ni mvuvi, mwezi mchanga ni ustadhi wa madrasa, ambaye kwa taarifa yako alikopa kuliko wote. Chini ya kila picha palikuwa na vijistari vya mkaa, kimoja kwa vitumbua vitano. Nikiwa na miaka saba ndiye niliyemsomea ukuta jioni, "Bibi, samaki ana vinne." Mwezi wa Shaaban ukielekea mwisho, bibi alikoroga chokaa ndooni, akachukua brashi ya katani, akapaka ukuta wote mweupe. Aliyelipa alikuwa amelipa. Asiyelipa naye alifutwa. Ramadhani ikaingia na ukuta safi, na alfajiri ya Idi mosi kijistari cha kwanza kikachorwa upya.

Hakuwahi kunieleza kwa nini. Wala sikumuuliza, mtoto haulizi kwa nini ukuta unapakwa. Lakini nilipoajiriwa kufundisha, wenzangu walinishangaa kwa jambo moja. Muhula ukiisha, mwanafunzi aliyenivunjia adabu vibaya sana nilimpokea muhula mpya kama simjui kwa ubaya. Mmoja akaniuliza nimeitoa kwenye kitabu gani cha saikolojia ya elimu. Nilitaja kitabu, ili nionekane msomi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba nilikuwa napaka chokaa.

Hiyo ndiyo sehemu ninayopenda kusimulia. Ya pili ni hii. Bibi yuleyule alikuwa na ulimi wa wembe kwa wake za wanawe. Chumvi ikizidi, hakusema chumvi imezidi. Alimwuliza mwenye kupika kama kwao wanakaa baharini. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Miaka hamsini baadaye mke wa mwanangu wa kwanza aliniambia taratibu, tukiwa tunachambua mchele, "Mama, ukiniambia vile mbele za watu nakosa pa kuweka uso." Nikakumbuka nilichomwambia, na sauti niliyoisikia akilini haikuwa yangu.

Ukuta niliuchukua bila kuuchagua, na ulimi niliuchukua bila kuuchagua. Havikuja na karatasi inayosema hiki kizuri, hiki kibaya. Watu wanaotulea na kutufunza kazi huingia ndani yetu kama harufu ya moshi inavyoingia kwenye nguo: hukai jikoni ukachagua moshi wa ubani ukaacha wa mafuta. Kazi ya kupembua huja baadaye, ukubwani, na wengi hatuifanyi mpaka mtu mmoja ajeruhiwe.

Wewe umeshtushwa na kazi hiyo ukiwa na miaka 29. Ni mapema kuliko mimi.

Ulitumia neno kioo. Sisi sote tunalitumia, kioo cha jamii, kioo changu, na nadhani neno hilo lina makosa yake hapa. Kioo kikipasuka kinatupwa, maana hakuna anayejitazama kwenye kipande. Ukimfanya mtu kioo, siku ya ufa mmoja unapoteza vyote. Afadhali umfanye sanduku la zana. Humo mna patasi nzuri ajabu na mna nyundo iliyolegea mpini ambayo siku moja itamrukia mtu usoni. Fundi hachomi sanduku kwa sababu ya nyundo. Wala haitumii nyundo ile eti kwa sababu patasi ni nzuri.

Tena watu wakubwa wa pwani hii walifanya hivyohivyo. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapahapa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na akabaki karani wa serikali sehemu kubwa ya maisha yake hadi karibu na kifo chake mwaka 1962. Mtu wa namna hiyo ungemtegemea amwandike nani? Gavana, labda, au sheikh mkubwa. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika utumwa na ufukara, aliyetembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, hakusoma shule, akaenda mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba mpaka mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Karani hakuwa mwimbaji wala hakukusudia kuwa. Hakuwa na vyungu vya kutembeza. Lakini alikuwa mtu anayeandika kwa lugha ambayo wakubwa wa ofisini waliiona ya kupokelea amri tu, na mbele yake kulikuwa na mtu aliyeichukua lugha hiyohiyo akaiimba hadi ikasikika ng'ambo. Hilo moja lilimtosha.

Na Siti mwenyewe aliacha watu nyuma yake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa bikizee, alikuwa akisimulia jinsi alivyomsikiliza Siti utotoni akazibeba nyimbo zake. Alichukua nyimbo. Lakini Siti aliimba amejifunika uso, na Kidude aliutupa ule utaji akaimba uso wazi, pekupeku, sigara mkononi, ngoma mapajani. Mwanafunzi bora wa Siti hakufanana na Siti hata kidogo. Ningependa watu wa motivesheni waseme habari hiyo siku moja, lakini haina bidhaa ya kuuza.

Rudi sasa kwa mzee. Nataka ufanye kazi ndogo, na uifanye kwa kalamu, si kichwani. Andika vitendo vyake. Usiandike sifa. "Mwaminifu" ni sifa, na ukiandika hivyo utakwama palepale, utasema mwaminifu gani anayemkana mtoto. "Anarudisha advansi akichelewa" ni kitendo. "Ananoa kabla ya kugusa ubao" ni kitendo. "Anamwita mwanafunzi bwana fundi" ni kitendo, na mimi naona ndicho kikubwa kuliko vyote. Kisha andika na hiki: "Alimkana mtoto mbele za watu." Nacho ni kitendo. Usikifute na usikikuze kikameza vingine. Vyote ni vyake.

Ukimaliza, weka alama kwenye vile ambavyo tayari unavifanya. Nina hakika utashangaa. Kunoa unanoa, maana umeniandikia kwamba hata siku uliyojikata kidole patasi zilikuwa zimenolewa. Advansi je? Hukusema, na mimi mwalimu mzee ninaona palipoachwa kimya. Kama ipo ya mtu unayo na kazi yake imelala, basi hapo ndipo pa kuanzia wiki hii. Kitu kimoja, wiki moja. Achana na mambo ya kubadili maisha.

Na kile kitendo kibaya nacho kina kazi. Lockwood na Kunda, pamoja na mwenzao Christian Jordan, waliandika mwaka 2002 kwamba kuna watu wanaosukumwa na mfano mzuri na kuna wanaosukumwa na mfano mbaya. Anayetazama zaidi anachotaka kufikia hupata nguvu kwa aliyefanikiwa. Anayetazama zaidi anachotaka kuepuka hupata nguvu kwa aliyeharibikiwa. Barua yako imejaa neno "naogopa". Pengine wewe ni wa kundi la pili kwa sasa, na ndiyo maana tajiri hakuwahi kukusogeza, lakini sentensi ile fupi ya mzee, "huyu simjui", imekukosesha raha miezi minne. Sikia uchungu huo vizuri. Unakuonyesha kitu ambacho hutakifanya.

Umeuliza umtupe. Hapana, na sisemi hivyo kwa sababu ya huruma kwake. Ukimtupa mzima mzima, utatupa na bwana fundi. Tena utafanya alichokifanya yeye: kusema simjui huyu kwa mtu unayemjua.

Nenda kamsalimie. Mpe shikamoo yake, mzee ni mzee. Huna haja ya kumhukumu wala ya kujifanya hukuona. Kama una ujasiri, na mkiwa wawili tu, mwambie sentensi moja: "Mzee, siku ile ya yule kijana niliumia." Kisha nyamaza. Atafoka au atanyamaza au atageuza mazungumzo kwenye bei ya mninga. Lolote kati ya hayo, umemaliza. Usirudie. Mwanafunzi hamfundishi mwalimu wake hadharani, lakini kumnyima neno la kweli nako si heshima.

Kuhusu kijana, hapa siendi kwa upole. Ana miaka kumi na sita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka kumi na minane kuwa mtoto, na inampa haki ya matunzo kutoka kwa wazazi wake, awe wa ndani au wa nje ya ndoa. Mama yake anaweza kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akaeleza, na mzee akaitwa. Kama unamfahamu mtu anayemfahamu mama huyo, mfikishie habari hiyo kimyakimya. Usiende wewe kwa niaba yake. Ukienda wewe, litakuwa jambo lako na mzee, na kijana atasahaulika katikati.

Kuna jambo la pili kuhusu kijana ambalo nimeliandika nikalifuta mara mbili, na sasa naliacha. Umesema ana dole gumba la mzee. Karakana ni yako. Likizo zipo. Sikuagizi kitu, una mke na mambo yako, na Makorora watu wana midomo. Lakini kama siku moja atapita tena barabara ile akasimama akatazama maranda yakidondoka, unajua neno alilokufundisha baba yake la kumwita mtu asiyejua hata kushika randa.

Sasa mwanao.

Mwaka 1961 Bandura na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya awali, wenye umri kama wa mwanao, wasichana na wavulana sawasawa. Baadhi waliingizwa chumbani alimokuwamo mtu mzima akilipiga na kulitupatupa sanamu kubwa la kujazwa upepo. Wengine walimwona mtu mzima akicheza kimya na vitu vingine. Kundi la tatu halikumwona yeyote. Watoto wa kundi la kwanza walipoachwa baadaye na sanamu lile, walilipiga kwa namna ileile, nyundo ileile, maneno yaleyale. Mtu mzima hakuwaambia wamwige. Hakuwatazama hata. Alikuwa "anafanya mambo yake".

Nawe asubuhi unafanya mambo yako, penseli sikioni. Mtoto ameanza na penseli kwa sababu ndiyo inayoonekana. Kitakachofuata umekiandika mwenyewe bila kukiwekea uzito, kule mwisho wa ukurasa wa pili: kwamba juzi alimwambia mama yake "sina muda mimi" na ukacheka. Hakuna aliyemfundisha. Ameliokota maranda yalipodondokea.

Usiogope sana lakini. Hofu itakufanya ujaribu kuwa mkamilifu mbele yake, na utafiti mwingine unaonyesha kwamba hilo silo linalomsaidia mtoto zaidi. Mwaka 1987 Dale Schunk na wenzake waliwaonyesha watoto wenye shida ya hesabu za sehemu watoto wenzao wakikokotoa. Baadhi walimwona mwenzao asiyekosea kabisa. Wengine walimwona aliyeanza kwa kubabaika, akisema hii ngumu, kisha taratibu akaelewa. Waliomtazama mwenye kubabaika ndio waliojiamini zaidi na kufanya vizuri zaidi. Walijiona ndani yake. Huyo asiyekosea walimwona kama tajiri wako wa simu.

Kwa hiyo kesho ukikata ubao mfupi kwa nusu inchi, kama wakatavyo mafundi wote wa dunia, usiusukume chini ya benchi. Mwite. Mwonyeshe ulipopima na ulipokosea. Sema "baba amekosea hapa", kwa sauti ileile unayoulizia saa. Kisha pimeni tena pamoja, yeye ashike ncha ya tepu. Na ukimjibu mama yake vibaya mbele yake, umwombe radhi mbele yake vilevile, usisubiri alale. Bibi yangu alipaka chokaa ukuta wa wadaiwa, ila sikumwona hata siku moja akiwapakia wake za wanawe. Ningemwona mara moja tu, huenda mchele ule tungeuchambua kwa kicheko.

La usingizi nalisema haraka kwa kuwa si la kuzungusha: umeandika kwamba kwa miezi minne unaamka usiku wa manane na hurudi kulala. Kama wiki tatu baada ya kuacha huo ujinga wa saa kumi bado hali ni hiyo, nenda hospitali ueleze hivyohivyo. Usiseme unaumwa kichwa tu ili upewe vidonge vya maumivu.

Na ile penseli usimnyang'anye. Mnunulie yake sokoni, ile bapa ya fundi, umchongee kwa patasi iliyonolewa, umpe kwa mikono miwili, na ukimpa mwite bwana fundi.